Undugu wa Makaratasi

Gävle, 14 Oktoba 2017

Mdogo wangu Anonsiata,

Kabla hujaniuliza: nakula. Mashavu yamenenepa, makalio bado yamegoma. Na kabla hujauliza la pili: ndiyo, navaa soksi mbili, na kofia ninayo.

Barua yako ya Agosti imefika ikiwa imefunguliwa kisha ikabandikwa kwa uji. Namsalimu aliyeifungua. Bwana mwenyekiti wa bloku hapo kambini, kama ni wewe, habari za watoto? Ukimaliza kusoma mpe mdogo wangu barua yake. Na ile simu niliyomwachia, uliyosema unaikagua, naona ukaguzi umekuwa mrefu. Hakuna siri humu. Ni dada anamwandikia mdogo wake.

Nimepata kibarua gereji. Theluji ikikaribia, kila mwenye gari huku lazima abadilishe matairi, avalishe ya baridi, kwa hiyo foleni haiishi. Siku ya kwanza tajiri aliniangalia juu mpaka chini akauliza kama nimekuja kufagia. Nikafungua magurudumu yote ya gari lake mwenyewe kabla hajamaliza kahawa. Akasema, "Hm." Watu wa hapa wakisema "hm" ujue umesifiwa mpaka basi. Laiti mjomba angeniona, yeye na gereji yake ya Buyenzi pale Bujumbura, aliyekuwa akisema spana haimfai msichana.

Kwenye jengo letu kuna chumba kimoja cha kufulia cha watu wote, na kila mtu huweka kufuli yake ubaoni kwenye saa anayotaka iwe zamu yake. Mimi niliingia na beseni langu kama ninavyoingia mtoni. Kesho yake nikakuta karatasi mlangoni: "Kuna mtu ameiba saa ya mtu." Aliyeandika ni mzee Sture wa ghorofa ya chini, aliyefiwa na mkewe. Nikampelekea maandazi kuomba radhi. Akayanusa, akasema, "Saa hairudi. Lakini haya ni mazuri." Sasa nadhani ni rafiki yangu. Hatuongei sana.

Tena nimempata mtu wa kwetu. Unamkumbuka Mama Furaha, yule wa bloku ya pili aliyeondoka kambini kabla yangu? Yupo huku, vituo vitatu vya basi kutoka kwangu. Jumapili ananipikia maharagwe na ugali wa muhogo. Aliuliza habari zako: "Yule mdogo wako msusi, mwenye ulimi, hajambo?" Nikasema ulimi haujambo, mwenyewe sijui.

Sasa jambo lenyewe. Ofisini wameniambia ninaweza kuomba familia yangu inifuate. Nikauliza, mdogo wangu je? Mama wa pale akasema, "Mume, mke, mpenzi unayeishi naye, watoto wako. Dada mtu mzima hapana." Mkalimani alikuwa kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya Bujumbura kabisa, nilimsikia hata anavyovuta maneno. Yule mama akauliza tena, "Hakuna mwingine?" Nikasema hakuna.

Nisamehe, mdogo wangu. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Dada yako,
Godeliva


Kambini, 20 Novemba 2017

Goda wangu,

Barua hii haipiti kwa mwenyekiti. Nimempa Chelimo, muuguzi wa hospitali, anakwenda likizo kwao Eldoret na ataitia posta huko. Nilimsuka bure, akaniuliza anilipe nini, nikamwambia bahasha isiyofunguliwa. Jibu kupitia sanduku lake, nimeandika nyuma. Huyu mtu hana maswali.

Kwa hiyo leo sikuiti dada. Miaka miwili nimekuita dada kwenye bomba la maji, dada kwenye foleni ya mgao, dada kanisani, mpaka nikiota ndotoni nakuita dada na ninaamka nimekasirika. Goda. Goda. Mke wangu. Nimeliandika, na karatasi haijaungua.

Unaikumbuka siku ya kuandikishwa? Tulikuwa bado na vumbi la Tanzania kwenye nywele. Yule mkalimani mwenye kilemba akauliza, "Nyinyi mnahusianaje?" na mimi nikaangalia chini, maana jeraha alilonitia kaka yangu alipotukuta nyuma ya gereji lilikuwa bado linatoa maji. Ukajibu haraka, "Ni mdogo wangu." Na kwa kuwa kwetu ndugu hawachangii jina la ukoo, mmoja Nahimana na mwingine Irakoze, hakuna aliyeshangaa. Wakatupa hema moja. Usiku tulicheka chini ya blanketi mpaka jirani akagonga. Tuliona tumewaweza.

Halafu wale vijana walipokuvunja mkono, ukalala hospitali, ukamwambia ofisa ukweli wako. Wangu ukaufunika, kwa sababu mkalimani alikuwa jirani ya shangazi yangu. Nilikushukuru. Wakakuondoa wewe kwa haraka, na mimi nikabaki kwenye faili kama mdogo mtu, mzima wa afya, anayeweza kusubiri.

Lakini hili la juzi sikushukuru hata kidogo. Mtu wa Ulaya, kwenye ofisi yenye joto, anakuuliza mara mbili kama hakuna mwingine, na wewe unasema hakuna? Nilisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nikasimama, nikakaa tena. Wewe uliyefungua injini ya lori ukiwa na miaka kumi na tano unaogopa sauti ya mtu kwenye simu! Huko mmetundikiwa bendera ya upinde wa mvua mpaka maktaba, uliniandikia mwenyewe. Basi nenda ukasimame chini ya hiyo bendera useme yupo. Sema anaitwa Anonsiata, anasuka, ana ulimi, analala upande wa ukutani.

Nimekuwa mkali. Nitakuwa mpole ukishasema.

Wako, na wala si mdogo wako,
Nonsi


Gävle, 17 Desemba 2017

Nonsi wangu,

Nimesema.

Nilirudi na wakili, mama mmoja anaitwa Gunilla, ana viatu vya buluu na haraka ya ajabu. Nikakataa mkalimani wa simu, nikaongea Kiswidi changu cha gereji. Nilisema: "Yule si dada. Ni mke wangu." Yule mama wa ofisini hakuinua hata nyusi, akaandika tu. Nikakaa nikisubiri dari ianguke, haikuanguka. Nilipotoka nje nilikuta nimevua kofia na sikuhisi baridi. Ungeniona ungenicheka.

Sasa shida. Gunilla anasema neno langu peke yake halitoshi, kwa sababu faili la kambini linasema sisi ni ndugu. Anataka picha, na picha zetu kaka yako alizichoma. Anataka barua tulizoandikiana, nikampa zile zote, na unajua zimeandikwaje. Akazisoma kwa mfasiri, akavua miwani. "Godeliva, kila barua hapa ni ya dada, isipokuwa hii moja ya juzi." Nikamwambia ndiyo maana tuko hai. Akasema anaelewa yeye, ila si yeye anayeamua.

Kwa hiyo yanahitajika mawili. La kwanza, shahidi aliyetuona tukiishi pamoja. Jumapili nilikwenda kwa Mama Furaha, nikamweleza yote nikiwa nimeshika bakuli la maharagwe. Akaweka mwiko chini, nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Mwanangu, wakinipigia nitakusaidia. Nitasema linalofaa." Akaniongezea chakula. Nililia kwenye basi njia nzima, kwa furaha, na mwanamke mmoja akasogea kiti cha mbali.

La pili ni lako, na sitaki kuliandika. Lazima wewe mwenyewe uende kwenye ofisi ya huko ukasahihishe faili. Useme sisi si ndugu, useme sisi ni nini. Omba mkalimani asiye wa kwetu, ni haki yako, Gunilla amesema nikuandikie hivyo. Lakini mimi najua kambi. Ukiona hali si nzuri, usiende. Nasema kweli, Nonsi. Usiende kwa ajili ya kunifurahisha.

Hapa mjini wamesimamisha mbuzi mkubwa wa nyasi kavu, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, kwa ajili ya Krismasi. Kuna watu kila mwaka wanatamani kumchoma, kwa hiyo wamemzungushia ua mara mbili, kamera, na walinzi wanaozunguka na mbwa. Nilisimama pale nikiangalia. Mbuzi wa nyasi, Nonsi, ana walinzi. Nikakufikiria na mlango wako wa turubai, nikashindwa kumaliza soseji yangu.

Mzee Sture amenipa kitanda alicholala na mkewe. Tulikipandisha ngazi sisi wawili, yeye akiguna kila ngazi. Nikamuuliza kwa nini anakitoa. Akasema, "Kitanda cha wawili kinamkemea mtu mmoja." Nikamwambia mimi pia ni mmoja. Akasema, "Kwa sasa." Nilimwambia habari zako. Alisema "hm".

Nalala upande wangu. Wa ukutani haujaguswa.

Goda


Kambini, 25 Februari 2018

Goda wangu,

Nimekwenda, na nimerudi na kichwa changu juu ya shingo, kwa hiyo punguza kulia kwenye mabasi ya watu.

Mkalimani alikuwa mwanamume wa Kenya asiyejua Buyenzi iko mbinguni au duniani. Nilisema yote. Ofisa alikuwa kijana, akawa mwekundu masikioni, akauliza tulianzaje. Nikamwambia ulikuja saluni kwa shangazi kusuka, una mafuta ya gari mpaka kwenye kisogo, na nilikuosha nywele mara tatu na maji bado yalikuwa meusi. Akaandika hiyo. Sasa iko kwenye faili la kimataifa kwamba ulikuwa mchafu.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Sisi tumeufunua, tuone tutazaa nini.

Nimehama bloku. Nipo karibu na hospitali sasa, kuna hewa nzuri na Chelimo ananiona kila siku. Kusuka nimepumzika kidogo, vidole vinauma na huu ukavu. Usiniulize juu ya vidole, vitapona.

Niambie zaidi juu ya kitanda. Kina mbao au chuma? Kinalia mtu akigeuka? Niambie dirisha liko wapi na asubuhi unaona nini. Andika vitu vidogo vidogo. Vikubwa tumeshavimaliza.

Wako,
Nonsi


Idara ya Maombi ya Familia
11 Septemba 2018

Kwa Bi Godeliva Nahimana,

Idara imechunguza ombi lako la kuletewa Bi Anonsiata Irakoze kama mwenzi. Ombi limekataliwa.

Mlipoandikishwa kambini mwaka 2015 nyote wawili mlieleza kuwa ni ndugu. Ulipohojiwa kwa ajili ya safari ulirudia maelezo hayo, na ulipofika ulisema huna mwenzi. Katika barua ulizowasilisha, zilizoandikwa kabla ya ombi, mnaitana dada na mdogo kila mara. Barua za baadaye zimeandikwa ombi likiwa limeshapangwa, hivyo uzito wake ni mdogo. Maelezo aliyoyatoa Bi Irakoze huko kambini nayo yametolewa baada ya ombi.

Shahidi uliyemtaja, alipoulizwa kwa simu, alisema anawafahamu vizuri nyote wawili kwamba ni mtu na mdogo wake, wa baba mmoja, wenye tabia njema, na kwamba hajawahi kuona wala kusikia jambo jingine.

Wakili wako ameomba mpimwe damu ili kuthibitisha kuwa si ndugu. Idara haioni sababu. Kutokuwa ndugu si uthibitisho wa kuwa wenzi.

Ndugu aliye mtu mzima hahesabiwi kuwa familia kwa mujibu wa sheria. Unaweza kukata rufaa ndani ya wiki tatu. Nakala ya uamuzi huu imetumwa kwa Bi Irakoze kambini.

Kwa niaba ya Idara,
M. Hedlund


Gävle, 30 Septemba 2018

Nonsi wangu,

Ofisi bado. Gunilla anasema mafaili ni mengi, watu ni wachache, tuwe na subira. Subira yavuta heri, ndivyo walivyotuimbia tangu utotoni, basi na ivute, kamba isikatike.

Uliuliza kitanda tena. Ni cha mbao, mbao nyeupe, na hakilii ila kwenye kona moja, ambayo nimeitia grisi ya gari. Sasa kimekaa kimya kama kanisa. Nimenunua shuka zenye maua makubwa ambazo najua utazidharau. Dirisha liko upande wa miguu. Asubuhi naona maegesho, mti mmoja mwembamba, na mzee Sture akitembea kwenda kuchukua gazeti, na kama sijamwona ikifika saa mbili nashuka kumgongea. Yeye naye hunigongea. Tumekuwa kama walinzi wa zamu.

Nimekuwekea kabati upande wa kulia. Ndani kuna koti la baridi la kwako, jekundu, la mitumba lakini zima, nimelijaribu mimi, kwa hiyo litakubana kifuani. Nimepata duka la Wathai linalouza dagaa wakavu wanaofanana na ndagala zetu. Nilikaanga, mlango ukagongwa, majirani wakidhani kuna mnyama amekufa.

Gereji wameniandikia mkataba wa kudumu. Tajiri alinipa mkono akasema, "Umeshakuwa mtu wa hapa." Nikasema asante. Nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Jumapili siku hizi nashinda nyumbani. Napumzika.

Nonsi, ukija nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege, na koti mkononi. Nimeshaangalia treni ipi. Usichoke. Nakuomba usichoke.

Goda


Kambini, 2 Desemba 2018

Goda,

Acha. Najua.

Nakala yangu ilifika hapa wiki mbili kabla ya barua yako. Walinisomea, mstari kwa mstari, na aliyesoma alikuwa yule yule mkalimani mwenye kilemba wa mwaka ule wa kwanza. Ndipo ikaja barua yako ya kitanda na grisi na koti jekundu. Niliisoma nikijua kila neno uliloandika juu ya ofisi ni la uongo, na sikukukasirikia. Nilitaka niendelee kuishi ndani yake. Nilitaka kukujibu, "Ndiyo, shuka za maua ni mbaya, zibadilishe," na tuendelee hivyo mpaka tuzeeke. Karibu nifanye hivyo.

Lakini mimi nawe tumedanganya watu wengi, tusidanganyane tena. Basi nianze na uongo wangu.

Siku niliyokwenda ofisini hakukuwa na Mkenya yeyote. Aliyetafsiri ni huyo huyo mwenye kilemba. Niliomba mwingine, wakasema mwingine ni baada ya miezi mitatu, nami nilikuwa na haraka ya kuja kulala upande wangu wa ukutani. Alitafsiri vizuri, kwa kweli, hakuacha neno. Jioni bloku nzima ilikuwa nalo. Nilipofika bombani wanawake waliondoa madumu yao kwenye mstari karibu na langu, moja moja, bila kelele, kama mtu anayeondoa nguo kwenye mvua. Binti niliyekuwa nimemsuka asubuhi ile alifumuliwa nywele zote na mama yake mbele ya mlango wangu. "Sijui hiyo mikono imeshika nini," akasema. Goda, vidole havikuwahi kuuma. Hakuna kichwa nilichopewa tangu Februari.

Hiyo hewa nzuri ya karibu na hospitali ni uzio. Nimekuwa nikilala kando ya uzio wa hospitali na watu wengine watano wa aina yetu. Mwezi wa nane turubai letu lilichomwa. Tulitoka wote. Mmoja hakutoka vizuri. Rufaa, kama ulikata, siwezi kuingojea chini ya turubai.

Na sasa neno ambalo nimelizunguka ukurasa mzima. Kuna mtu anaitwa Deogratias, wa Ngozi kule kwetu, mke wake alikufa kwa malaria, ana watoto wawili. Ana nyumba ya matofali na mlango wa bati wenye kufuli. Alikuja hospitalini kwa mtoto, akaniona, akarudi mara ya pili, ya tatu. Hakunitania. Alisema, "Mimi nahitaji mtu wa kuwapikia hawa. Wewe unahitaji mlango. Yaliyopita sitayauliza." Nikamwambia sitaweza kumpenda. Akasema hajaja kwa hilo.

Mchungaji alitufungisha ndoa Jumamosi iliyopita. Wale wanawake wa bombani walipiga vigelegele mpaka nikaziba masikio. Yule aliyemfumua bintiye alinikumbatia, akasema Mungu amenirudisha. Mwenyekiti alikuja kula, akanywa, akanirudishia simu. Haiwaki. Na juzi mama huyo amemleta bintiye nimsuke.

Nilikuwa mdogo mtu kwenye makaratasi, sasa ni mke wa mtu kwenye makaratasi. Ni wewe tu niliyekuwa wako bila karatasi, na ndiyo maana hakuna anayeamini.

Mama Furaha usimchukie. Najua alivyofikiri. Kwao ukimpenda mtu unamfunika. Hata sisi tulianza hivyo hivyo.

Sasa naomba, na hili ni ombi la mwisho ninalokuomba kama Nonsi wako. Chelimo amehamishwa, na hii ndiyo barua ya mwisho anayonibebea. Barua zako zipite tena kwa mwenyekiti, na lazima zipite, kwa sababu hapa wameshaamua kuamini ofisi kwamba sisi ni ndugu, na mke wa Deogratias asiyepata barua kutoka kwa dada yake Ulaya watamshangaa. Niandikie. Nitahitaji kujua kama mzee Sture ameamka. Ila niandikie kama mwanzo. Ukiniita kwa jina jingine, hata mara moja, hata chini kabisa pembeni, nitapoteza mlango.

Koti usilitupe bado. Mpe mtu anayesikia baridi.

Nilikupenda kwa sauti mara moja, ofisini, na mtu akaandika. Walau lipo kwenye faili.

Nonsi


Gävle, 8 Januari 2019

Mdogo wangu Anonsiata,

Namsalimu aliyefungua barua hii. Bwana mwenyekiti, heri ya mwaka mpya, na asante kwa kurudisha simu.

Habari za ndoa nimezipokea. Nilizisoma nikiwa gereji, ikabidi nikae kidogo juu ya tairi, unajua habari za furaha zinavyolegeza magoti. Hongera, mdogo wangu. Wapikie vizuri hao watoto. Huyo mtoto mdogo ukimchana, anza na ncha za nywele, usianze na mizizi, ulinifundisha wewe.

Huku ni wazima. Mbuzi wa nyasi mwaka huu hakuchomwa, wamemtia kwenye lori mzima mzima na kumpeleka wanakompeleka. Mzee Sture anaamka kila siku. Alipanda juzi akakuta kile kitanda sebuleni kimefunguliwa mbao, nikamweleza kilikuwa kikubwa mno kwa chumba. Hakusema hata "hm". Alikaa na mimi mpaka chai ikapoa, kisha akanisaidia kuzishusha.

Mama Furaha alikuja na sufuria ya sombe. Sikuwa nimemwona tangu kabla ya baridi. Alisimama mlangoni akasema, "Nilikusitiri, mwanangu." Nikamkaribisha. Tukala.

Koti nimempa msichana mmoja wa Eritrea. Linamtosha.

Nitakuandikia kila mwezi, kama dada anavyopaswa. Funga mlango wako vizuri usiku.

Msalimie shemeji.

Dada yako,
Godeliva